Inawasiliana na Mdogo

Mtaa mzima ulimwita Mama Pambizo, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mchapaji. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na meza ya kompyuta, printa, kabati la karatasi, benchi la wateja na dirisha moja lililotazama barabara. Wanafunzi wa chuo cha jirani walimletea tasnifu zao zikiwa zimechapwa ovyo, naye akazinyoosha mpaka zikatoka kama nguo iliyopigwa pasi.

Chuo kile kilikuwa na sheria kali za ukurasa. Pambizo ya kushoto, yaani nafasi nyeupe ya ukingoni, iwe pana kuliko ya kulia, ili jalada lisimeze maneno. Namba zikae mahali pake. Vichwa vya sura vishuke kwa kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi iliyokosea hayo ilirudishwa bila kusomwa. Kazi ya Mama Pambizo haikurudishwa. Alikuwa na rula ya chuma, na kila ukurasa uliotoka kwenye printa aliulaza mezani mbele ya mteja akaupima, jicho moja amelifumba kama seremala.

"Pambizo zangu hazidanganyi," alikuwa akisema, na mteja alitoka pale akiliamini neno hilo.

Zamani chumba kile kilikuwa na meza mbili. Kwenye ile ya pili alikaa ndugu yake wa tumbo moja, anayemfuata. Nyumbani walimwita Mdogo tangu azaliwe, na mtaani jina likawa hilohilo. Dada yake ndiye aliyemfundisha kazi: kukaa, kuweka vidole, kutomcheka mteja hata akiandika upuuzi. Fundi wa kompyuta aliziunganisha mashine zao kwa waya ili wapeane kazi bila kunyanyuka. Kila mashine ilipaswa kuwa na jina, basi akaziita MKUBWA na MDOGO, wakacheka wote watatu.

Ugomvi ulianza na sifa. Mwalimu mmoja wa chuo, mtu mzito aliyesimamia tasnifu nyingi na ambaye wanafunzi walikwenda kuchapa pale alipowaelekeza, alikuja kuchukua kazi akasimama nyuma ya Mdogo akimtazama anavyochapa.

"Huyu mdogo wako ana mkono mwepesi," akasema. "Mwachie chumba chote, wewe upumzike."

Ulikuwa utani. Mama Pambizo alicheka kwa meno tu. Mwalimu alipoondoka, kila kitu cha Mdogo kikaanza kumkera: kikombe chake cha chai juu ya meza, simu yake, jinsi alivyowaambia wateja "karibu" kwa sauti ya kuimba. Alipoona mteja ameingia na kwenda moja kwa moja kwenye meza ya pili, moyo ulimchoma kama aliyemeza kaa la moto. Hakusema kinachomuuma. Mwenye wivu hukitaja kila kitu isipokuwa hicho. Alisema kikombe kinaacha alama, simu inapiga kelele, karatasi zinaisha upesi. Mwisho, mchana mmoja, mbele ya wateja wawili, akasema, "Chukua mashine yako, chukua na kila kilicho chako, utoke humu."

Mdogo alilifuata neno kama lilivyosemwa. Alichomoa mashine yake, akachukua na kila kilicho chake, akatoka. Wala hakwenda mbali. Alipanga chumba ng'ambo ya barabara, akaupaka mlango wake rangi ya kijani.

Ni baada ya hapo ndipo kompyuta ya Mama Pambizo ilipoanza kuzubaa. Aligonga faili mara mbili kama kawaida, na alama ya kusubiri ikazunguka, ikazunguka, kioo kikabaki kitupu. Mteja kwenye benchi alikohoa. Akakunja mguu, akaukunjua. Tasnifu ikaja kufunguka mtu amekwisha kusoma matangazo yote ya ukutani. Ukifungua sura nyingine, kadhia ni ileile.

Ubaya wa kusubiri ni kwamba macho hayana kazi. Yake yalikwenda dirishani, na dirishani palikuwa na mlango wa kijani. Faili likichelewa, anautazama. Likifunguka, anafanya kazi kidogo, anafungua jingine, anautazama tena. Aliwajua wateja wake kwa mikoba na kwa mwendo, akawaona wakivuka mmoja mmoja. Chuki aliyokuwa nayo ingeweza kupoa kama angekuwa na shughuli. Mashine ile ilimpa nafasi ya kuipuliza kutwa nzima.

Mume wake alikuwa mtunza stoo hospitalini, mtu wa maneno machache. Siku moja aliporudi kazini alimkuta bado ameinamia dirisha.

"Weka pazia," akamwambia.

"Pazia la nini?"

"La shingo yako. Itakatika."

"Wewe fanya mzaha. Unajua nani kaingia pale leo? Yule kijana wa magonjwa ya mimea! Tasnifu yake nimeichapa mimi tangu ukurasa wa kwanza. Leo masahihisho kayapeleka kule."

"Labda hapa alisubiri sana."

"Na kule kwa nini hasubiri? Mashine zetu zilinunuliwa siku moja, duka moja. Yangu imekuwa kobe, yake swala. Hilo hulioni?"

"Naona umechoka," mume akasema, akaenda kuoga.

Jibu alilipata mwenyewe, au alidhani amelipata. Asubuhi moja, alama ikizunguka, macho yalimshukia kwenye ukingo wa chini wa kioo. Pale palikuwa na mstari mdogo wa maneno ambao hakuwahi kuujali. Alivaa miwani akasogea. Ulisema: *Inawasiliana na MDOGO.*

Alilifunga faili, akafungua jingine. *Inawasiliana na MDOGO.* Jingine tena. *Inawasiliana na MDOGO.* Maneno yalikaa pale muda wote wa kusubiri, kisha tasnifu ikafunguka nayo yakapotea, kama mtu aliyechungulia akajificha.

Hapo kila kitu kikajipanga kichwani mwake. Kumbe mashine haikuwa nzito bure! Ilikuwa imebebeshwa mzigo. Kila anapofungua kazi ya mtu, kwanza inapelekwa ng'ambo ya barabara, isomwe na kunakiliwa, ndipo aletewe yeye mabaki. Ndiyo sababu kule masahihisho hufanywa upesi. Ndiyo sababu wateja hawarudi. Alifurahi. Ndiyo, alifurahi, na hili ndilo baya kuliko yote, kwamba mtu anaweza kufurahi kumkuta ndugu yake ni mwizi.

Alichomoa modemu ya mtandao akaifungia kwenye droo. Mstari haukuondoka. Akawa anaifunika kompyuta kwa kitenge kila anapokwenda jikoni. Mume wake alipouliza kama mashine inasikia baridi, aliongeza kitenge cha pili.

Alimpigia mama yao simu.

"Mama, mwanao ananiibia kazi."

"Mwanangu yupi? Ninao wawili, na mmoja ndiye ninayezungumza naye."

"Huyo mwingine. Mashine imemtaja kwa jina. Imeandika yenyewe."

"Huyo mtoto tangu azaliwe hajawahi kuchota hata sukari bila kuomba. Una hakika?"

"Wewe ndiyo zako. Tangu tukiwa wadogo, yeye hakosei."

"Sikusema hakosei. Nimeuliza kama una hakika. Usimtaje kwa watu mpaka uwe nayo."

Alimtaja siku hiyohiyo. Alianza na mshonaji wa nguo wa nyumba ya pili, akamwambia kwa sauti ya chini, kama anayemwambia siri. Kisha akawaambia wateja wa benchi, na kwao hakushusha sauti. Habari ikavuka barabara kabla ya jioni. Mdogo aliisikia, hakuja kugomba. Alianza tu kufunga mlango wa kijani kila dada yake alipotoka nje kufagia.

Hata hilo halikumtosha. Alimtaka yule Mwalimu. Chuo kilikuwa kikali juu ya kazi zinazovuja. Nyumba ya uchapaji ikishukiwa, wanafunzi walikatazwa kuikanyaga, na neno la Mwalimu lilitosha. Mdogo alikuwa hana kazi nyingine na kodi ya chumba alilipa kwa vidole vyake. Mama Pambizo alilijua hilo vizuri. Alijua kwamba Mwalimu akiuona mstari ule, mlango wa kijani utafungwa, na ndugu yake atachafuka jina mahali pote panapochapwa tasnifu. Akampigia Mwalimu simu. Kisha akamwita fundi aje kuthibitisha.

Wakaja Jumamosi asubuhi. Fundi alikuwa yuleyule aliyeunganisha mashine zamani, mtu mnene wa taratibu, ambaye neno lake la kwanza na la mwisho lilikuwa "subiri", hata watu wakamwita Fundi Subiri. Mwalimu alikaa kwenye benchi na mkoba magotini. Mume hakwenda kazini siku hiyo. Aliegemea mlango wa ndani na gazeti ambalo hakulisoma.

"Nyie tazameni tu," Mama Pambizo akasema. "Mimi sitasema kitu. Itasema yenyewe."

Akafungua tasnifu. Alama ikazunguka. Akaweka kidole kwenye ukingo wa chini wa kioo.

"Soma, Mwalimu. Soma kwa sauti."

Mwalimu alisogea. "Inawasiliana na Mdogo." Akarudia polepole. "Huyu Mdogo si yule wa..."

"Wa mlango wa kijani. Ndiye huyohuyo."

Uso wa Mwalimu ulibadilika. "Hii ni kazi ya mwanafunzi wangu. Haijatetewa bado." Akatia mkono mfukoni kutoa simu. "Inabidi niwaambie chuoni sasa hivi."

"Subiri," fundi akasema.

"Tusubiri nini tena, fundi?" Mama Pambizo akauliza. "Si umeona?"

"Nimeona inachelewa. Sijaona kwa nini."

Akaizima, akaifungua ubavu, akapuliza vumbi mpaka Mwalimu akapiga chafya. "Mavumbi haya yangetosha kupanda mchicha," akasema. Akaiwasha. Tasnifu ikachelewa vilevile. Akafuta takataka zilizojaa kwenye diski, akaondoa programu zilizokuwa zinajiwasha bure. Ikachelewa vilevile. Akakuna kidevu. Alikuwa amebahatisha mara mbili na mara zote amekosea, na hakujali nani anamwona.

Kisha akafungua ukurasa mpya, mtupu. Ukafunguka papo hapo. Akatazama kioo kama mtu aliyejibiwa.

"Mama, una kazi yoyote ya zamani humu? Isiyo ya chuo?"

"Kuna kadi ya harusi ya mpwa wangu. Niliitengeneza kabla hata huyo hajaja kukaa hapa."

Ile kadi ilifunguka kabla hajamaliza kusema. Akafungua tasnifu: alama ikazunguka, mstari ukatokea. Kadi: pale pale. Tasnifu: inazunguka.

"Basi mashine ni nzima," fundi akasema. "Mgonjwa ni tasnifu. Kila tasnifu."

"Kwa sababu hizo ndizo anazoziiba! Kadi ya harusi aibie nini?"

Fundi hakubishana. Aliinama nyuma ya meza, akaushika waya uliotoka mgongoni mwa kompyuta, akaanza kuuvuta mkono baada ya mkono, kama anayevuta kamba ya kisimani. Waya ulipita chini ya meza, ukazunguka kabati, ukatoka na utando wa buibui. Ncha yake ikaja sakafuni. Haikuwa imeshikana na kitu chochote. Akainyanyua juu wote waione.

"Hii ndiyo njia yake ya kwenda kwa Mdogo. Mnaiona inapoishia? Modemu iko wapi?"

"Kwenye droo," mume akajibu kutoka mlangoni. "Imefungwa kwa ufunguo."

"Basi haipeleki kitu popote. Haina pa kupitia. Haiongei na Mdogo, Mwalimu. Inamwita, na hakuna anayeitika."

Mwalimu aliirudisha simu mfukoni nusu. "Inamwita kwa ajili ya nini?"

"Subiri." Akabonyeza hapa na pale, dirisha dogo likafunguka juu ya kioo. "Mshonaji wa hapo jirani ana karatasi ya vipimo, si ndiyo? Akitaka gauni la namna fulani, anailaza karatasi juu ya kitambaa, anakata. Na kompyuta ina karatasi ya namna hiyo. Inaitwa kiolezo. Tasnifu zote za humu zimekatwa kwa kiolezo kimoja, na kila moja inakumbuka kilikotoka. Ukiifungua, kwanza inakwenda kukiuliza. Kilikuwa kwenye mashine ya Mdogo, na mashine ile imeondoka. Inabisha hodi, inasubiri, inabisha tena. Ikichoka ndipo inafunguka."

"Hicho kiolezo kinaitwaje?" Mwalimu akauliza.

Fundi akasogeza kichwa ili asome. "Kinaitwa PAMBIZO."

Mwalimu akamgeukia mwenye nyumba. "Pambizo? Si ndizo zako hizo?"

Ukweli ulikuwa huu. Mwaka walioanza, chuo kiliwarudishia kazi mara kwa mara. Dada mkubwa alipima kwa rula, akasema hapa pamezidi, hapa pamepungua. Mdogo alikaa akasoma sheria za chuo, akarekebisha, akachapa, akapimiwa tena, mpaka akatengeneza kiolezo ambacho rula haikukikuta na kosa. Tangu siku ile kila kazi ilianza ikiwa imekwisha kunyooka. Wateja walipokuja na jina la Mama Pambizo, lilimwendea aliyeshika rula, kwa kuwa ndiye waliyemwona. Mdogo hakusema kitu. Dada yake hakusema kitu pia, mpaka akasahau kwamba kulikuwa na kitu cha kusema.

Sasa ameulizwa. Fundi hakujua nani alikitengeneza. Mwalimu hakujua. Mume alijua, akawa anatazama gazeti lake.

"Ndiyo," Mama Pambizo akasema. "Ni zangu. Zilikaa kwenye mashine yake tu."

Amekwisha kuambiwa kwamba ndugu yake si mwizi wa kazi, akaonyeshwa ncha ya waya, na bado hakuweza kumwachia hata kitu kilicho chake. Hivi ndivyo wivu ulivyo. Ukiunyang'anya sababu moja, unaokota nyingine iliyo karibu.

Mwalimu alisimama akafunga mkoba. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa na haraka. "Kwa hiyo haibi kazi, lakini ameondoka na mali yako. Twende tukaichukue. Nitasimama na wewe."

"Hakuna haja, Mwalimu. Nitakwenda mwenyewe siku nyingine."

"Siku nyingine ipi? Ni hapo tu ng'ambo."

"Mke wangu," mume akasema bila kunyanyua macho, "nenda. Usimcheleweshe Mwalimu."

Mama Pambizo akavuka barabara, Mwalimu nyuma yake. Hakuwa amewahi kuingia mlango ule. Ndani palikuwa padogo kuliko alivyopaona kwa chuki: meza, mashine, benchi lenye wateja wawili, mmoja wao yule kijana wa magonjwa ya mimea, ambaye alipomwona aliangalia viatu vyake. Na juu ya meza, kando ya karatasi, palikuwa na rula ya chuma. Hata rula, akajiambia. Hata rula kaiga. Kisha akaona jinsi ukurasa ulivyolazwa mezani, ukingo kwa ukingo, kama anavyoulaza yeye.

"Karibu, Mwalimu," Mdogo akasema kwa ile sauti yake ya kuimba. Kisha sauti ikashuka. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Tumekuja kuchukua pambizo za dada yako," Mwalimu akasema. "Fundi ameona ziko kwenye mashine yako."

Mdogo aliondoa vidole kwenye kompyuta. "Za nani?"

"Za dada yako."

Alimgeukia dada yake akamtazama. Kama angepiga kelele, mwenzake angepiga kubwa zaidi, na mambo yangeishia kwenye ugomvi ambao kila mtu anaondoka na sehemu yake ya haki. Lakini alinyamaza tu, akasubiri, mikono mapajani. Kijana wa mimea akaacha kutazama viatu.

Mama Pambizo alitazama rula. Alisema kitu ambacho hakikusikika.

"Sema kwa sauti, dada. Mwalimu hakusikia."

"Nimesema ni zake!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, hata mpita njia akageuka. "Kiolezo alikitengeneza yeye. Mimi nilipima na kumwambia palipokosea, yeye akanyoosha. Na haniibii. Hajawahi kuniibia. Mashine yangu ndiyo ilikuwa inamwita."

Mwalimu alishusha mkoba polepole. "Na mimi nilikuwa nimeshika simu. Ningemfungia mlango huyu leo, kwa mkono wangu, ukiwa unanitazama."

Mama Pambizo akazidi kuitazama rula.

"Ungeniita wewe mwenyewe," Mdogo akasema, "ningeitika siku ya kwanza. Mashine imekushinda adabu, dada."

Yule kijana alicheka, akajifanya anakohoa. Mdogo hakucheka. Alitoa flashi kwenye droo, akaichomeka, akanakili kile kiolezo, akaichomoa. Vidole vyake vilikwenda upesi. Dada yake alivitazama, na hata katika aibu ile alihisi kaa lilelile likimpita kooni: kwa nini vyangu haviendi hivyo? Nalisema hili ili msomaji asije akadhani ukweli ukisemwa mara moja moyo huoshwa ukang'aa. Alisema kweli, na wivu ulikuwepo. Alisema kweli wivu ukiwepo, na hapo ndipo penye sifa yake, kama anayo.

"Chukua," Mdogo akasema. "Fundi akiweke kwenye mashine yako, azielekeze tasnifu hapo, zitafunguka. Lakini wale wote uliowaambia kuwa mimi ni mwizi, utawarudia wewe. Mimi sitamweleza mtu."

"Nitawarudia."

"Anza na mshonaji. Huyo ana mdomo mrefu."

Akaanza na mshonaji. Kusema uongo kulikuwa kazi ya dakika, tena ya kupendeza, watu walimsogezea kiti. Kuufuta alisimama mlangoni jua likimpiga, na mshonaji akamtaka arudie mara mbili maana cherehani ilikuwa ikipiga kelele. Akawarudia na wa benchi, kila aliyemwona. Baadhi walimpa pole. Wengine walimtazama tofauti tangu siku ile, na hilo alistahili. Mama yao alipopigiwa simu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Mdogo wako amekula leo?" Hakujua. Ikabidi avuke tena kuuliza.

Mdogo hakurudi kwenye meza ya pili, wala hakuombwa. Mlango wa kijani ulibaki wazi hata dada yake akifagia, basi. Jina nalo halikukaa mahali pamoja. Mwalimu aliisimulia habari chuoni, kama ilivyo haki yake, na wanafunzi wakaanza kusema wanakwenda kwa Mama Pambizo huku wakielekea ng'ambo. Mara ya kwanza aliposikia hivyo aliweka rula chini akaingia ndani, akakaa kitandani, mpaka mume wake akamletea chai.

Asubuhi moja mtu mzima mwenye bahasha kubwa alisimama katikati ya barabara akitazama huku na huku. Akaja dirishani.

"Samahani, mama. Kwa Mama Pambizo ni wapi?"

Mkono wake ulikuwa kwenye kipanya, na faili la mteja aliyekuwa kwenye benchi ndiyo kwanza ameligonga. Jibu lilikuwa mdomoni, tamu: ni hapa, ingia.

"Tuko wawili," akasema. "Kazi yako ni ya lini?"

"Ningependa leo."

"Mimi nina huyu, nitamaliza kesho. Nenda pale, mlango wa kijani. Ni mdogo wangu. Pambizo zake hazidanganyi."

Mtu yule alishukuru akavuka. Mama Pambizo alimfuata kwa macho mpaka akaingia, akasikia ile "karibu" ya kuimba, akauma mdomo. Alingoja kidogo aone kama atatoka. Hakutoka. Mteja wa benchi akakohoa.

Aliporudisha macho kwenye kioo, faili lilikuwa limefunguka zamani, likimsubiri yeye.